Simu Niliyoiacha kwa Fundi

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe pamoja na mama na baba. Mgongo wa mama unaendeleaje? Nasikia wewe umekonda kwa pilikapilika za harusi yako. Kula, bibi harusi si mlingoti wa bendera. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, anakusalimu sana.

Najua umenikasirikia kwa kunyamaza. Tafuta mahali ukae peke yako, usome mpaka mwisho bila kurukaruka.

Nianze na lililo zito. Nina virusi vya ukimwi. Niligundua nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa mwisho. Mume wangu anajua tangu siku ile, na mtoto alipimwa, hana. Natumia dawa, na daktari anasema virusi havionekani tena vikipimwa kwenye damu. Sikukwambia kwa sababu wewe ukilia mimi hubaki sina mikono wala miguu.

Kilichonishika mkono miaka yote hii ni simu. Kliniki yetu ina nesi anayetutumia sisi wanawake ujumbe kila wiki: "Habari, unaendeleaje?" Basi. Hataji dawa wala ugonjwa, ili hata mtu akichungulia asiambulie kitu. Ukiwa mzima unajibu "Salama". Ukiwa na jambo unajibu "Shida", naye anakupigia. Utaniona mjinga, lakini mwanzoni swali lile ndilo lililokuwa likinitoa kitandani. Nikazoea, nikajiachia. Nikawa namwandikia kila kitu: kizunguzungu cha dawa, hofu ya kuonekana kliniki, hata jina la ugonjwa wenyewe. Na sikuwa nafuta, maana nilipenda kuyasoma tena majibu yake.

Mwezi uliopita simu ilinichomoka mfukoni nikiosha masufuria jikoni pale shuleni ninapopika, ikazama. Nikaipeleka kwa fundi. Akaniomba namba ya siri ili aijaribu akishaikausha. Nikampa.

Niliporudi kuichukua, alikuwa ameteremsha nusu ya mlango wa kibanda. Jumbe zangu zilikuwa wazi juu ya meza, kati ya bisibisi na simu mbovu. Hakufoka. Aliongea taratibu, kama mtu anayekupunguzia bei. Alisema itakuwa aibu wazazi wakijua ni mkono gani unaowapikia watoto wao. Alisema lakini linaweza kubaki letu wawili, nikienda chumbani kwake Ijumaa. Simu akabaki nayo, eti haijapona vizuri.

Siku zile sijui niliziishi vipi. Nilitia chumvi mara mbili kwenye chakula. Kila mzazi aliyesimama dirishani pa jiko nilijua amekuja kunitoa. Mume wangu yuko mbali, simu sina, na Ijumaa inasogea.

Nesi ndiye aliyeshtuka. Alikuwa ametuma ujumbe wake, hakujibiwa, akapiga. Akapokea mwanamume, akajitambulisha kuwa ni mume wangu. Nesi anaijua sauti ya mume wangu, huwa ananisindikiza kliniki. Akakata, akanifuata shuleni bila sare yake, akapitia mlango wa nyuma wa jiko. Nilimwambia yote huku nimeshika mwiko. Hakunipa amri. Aliniuliza tu ni nani ninayeogopa zaidi asikie. Nikasema mwalimu mkuu. Akaniuliza kama ningependa tuingie pamoja ofisini kwake.

Tuliingia. Nilisema nikitazama miguu ya meza. Mwalimu mkuu, yule mama asiyecheka hata akitekenywa, alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwuliza nesi kama watoto wana hatari yoyote. Nesi akasema hakuna, ugonjwa huu hauambukizwi kwa kupikiana wala kula pamoja. Mwalimu akasema hilo analijua, ila alitaka lisemwe ofisini mwake, kwa sababu wazazi watakuja na yeye ndiye atakayewajibu. Kisha akanigeukia, akasema, "Mama, rudi jikoni. Kuna kitu kinaungua." Na kweli kilikuwa kinaungua.

Mchana ule ule nikaenda kibandani. Wateja walikuwa wamejaa. Nikadai simu yangu. Akanikonyeza nisubiri. Basi nikasema kwa sauti, "Nina virusi, natumia dawa, na mwajiri wangu nimemwambia mwenyewe leo. Sasa wewe umebaki na nini cha kunitishia?" Wateja wote wakageuka kumtazama. Aliipangusa ile simu kwa shati lake, akanipa bila kunitazama.

Mdogo wangu, fundi huyo ni mchumba wako.

Ndiyo, huyo huyo aliyekuwa akiniita shemeji, hata siku ile aliponiambia njoo chumbani. Ndiyo maana nimeshika kalamu: simu yako ni yeye aliyekununulia, sijui anasoma nini humo. Barua hii nimempa mjomba akukabidhi mkononi.

Sitakwambia umwache. Harusi ni yako, na macho unayo. Atakuja kwako na hadithi yake, pengine ameshakuja. Atasema mimi ni mgonjwa na nina wivu. La ugonjwa ni kweli. Hilo lingine unijibu wewe unayenijua.

Jumamosi nakuja nyumbani kuwaambia baba na mama hali yangu, kwa mdomo wangu, kabla hawajaisikia kwa mtu. Ningependa uwe umekaa karibu yangu nikisema. Ukiona huwezi, kaa mbali, sitakulaumu. Nitakuja hivyo hivyo.

Mpe mama pole ya mgongo, na baba shikamoo yake. Watoto wanakusalimu, wanauliza mama yao mdogo atakuja lini.

Ni mimi,
Dada yako