Buluu Iliyosuguliwa

Kiganjo, Thika
Jumanne

Kaka Muriithi,

Hapa tuko sawa. Maji yamerudi kwenye ploti, na kuku wa Mum ameangua chini ya kitanda changu. Mwambie, atacheka.

Simu yako imezimwa tangu asubuhi, ndiyo maana nimemtuma Opiyo wa boda akuletee barua hii huko hospitalini Ruiru. Isome kabla hujamaliza chai.

Vile vyuma vya titani vya kuunga mifupa tunavipasha moto hapa kazini, kwenye tanuri lenye gesi ya kuzuia hewa isiviguse. Wiki jana gesi iliisha katikati, vikatoka na rangi ya buluu. Mwas, msimamizi wetu, akasema tuvisugue ving'ae, vikapakiwa. Buluu ilitoka, lakini hewa ilikuwa imeshaingia ndani ya chuma. Chuma kama hicho kikibeba uzito wa mtu kinaweza kupasuka kama kikombe.

Leo boksi likiondoka nimeona jina la linakopelekwa. Ni hospitali hiyo mliko.

Nimewapigia, wakaniambia niongee na msimamizi wangu. Mwas naye ameniuliza kama nina mgonjwa Ruiru. Nimesema sina.

Kesho asubuhi Mum asiwekewe hicho chuma mguuni. Daktari atakuonyesha kinavyong'aa. Mwambie kung'aa huko ndiko kunakonitisha. Akiuliza umejuaje, mpe jina langu lote.

Nimemwambia Opiyo asiondoke hapo mpaka akuone umesimama kumwendea daktari.

Dada yako,
Wangeci