Baba Mkwe na Vyumba Sita vya Keroka

Keroka, Jumapili. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, na matope yamefika mpaka miguuni pa cherehani yangu. Nimeketi kwenye baraza la duka ninaposhonea, sina kazi mkononi, naandika.

Wiki iliyopita nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza, Gusii nzima, asingelifanya. Leo limerekebishwa, na bei yake nimeilipa kwa moyo mweupe.

Karibu mweupe. Nisijidanganye.

Uhuru una miaka kumi sasa na Keroka imejaa wageni: walimu, makarani wa majani chai, madereva wa malori. Wakija kupimwa suruali wote huniuliza swali moja, wapi kuna chumba cha kupanga? Mimi na mume wangu Mogaka tulikuwa na ploti yenye magugu na mbuzi wa jirani. Nikaanza kuota vyumba sita chini ya paa moja, milango sita mfululizo. Ndoto tulikuwa nayo. Mtaji hatukuwa nao.

Mshirika wa kwanza hakunisumbua. Mama Atieno, anayeleta samaki kutoka ziwani, alikuwa amechoka kulala juu ya magunia sokoni. Alitoa pesa za mbao, akachagua chumba cha sita.

Wa pili ndiye aliyenitoa jasho: baba mkwe wangu, kule Kebirigo. Mtu mwingine angeketi naye, angemmiminia chai na kumweleza. Mimi ni mke wa mwanawe. Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni, na kwa ajili yake siketi karibu na mzee, simpi mkono, na yeye haingii kamwe katika nyumba wanamolala mwanawe na mkewe. Sasa utamwombaje mtu mtaji ukiwa umesimama ng'ambo ya zizi, unatazama migomba?

Basi nilikata karatasi kama ninavyokata ya gauni. Nikachora vyumba sita, nikatoboa milango na madirisha kwa mkasi, nikampa mama mkwe ampelekee. Nikasimama mbali nikijifanya nachuma mboga. Mzee aliigeuza ile karatasi mara mbili, akachungulia kwenye kidirisha kimoja. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

Mwezi ule aliuza mitamba wawili. Mabati yote ni yake.

Sasa kosa lenyewe. Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya washirika kuja kuona nyumba iliyokwisha. Kwa akili yangu ya dukani niliona chumba kitupu hakivutii macho. Tena chumba cha kwanza tulikuwa tumekitenga tuishi sisi wenyewe, maana tunapopanga sasa panavuja juu ya mto wa kulalia, nami nina ujauzito wa miezi saba. Kwa hiyo Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, tulipeleka kitanda chetu. Hatukulala huko bado, tulingoja wazee waione nyumba kwanza. Lakini nilikitandika shuka nililolitarizi maua nikiwa mchumba, na Jumapili nikaacha mlango wazi ili wote waone kunavyopendeza.

Mzee alifika na mkewe, amevaa koti la kanisani, fimbo mkononi, anatabasamu. Akaukaribia mlango, akakiona kitanda. Akarudi nyuma hatua tatu, nne, mpaka barabarani. Na mvua ikaanza.

Paa ni moja, na chini yake kulikuwa na kitanda cha mwanawe. Hakuna aliyehitaji kueleza. Sisi wengine tuliingia na kutoka, tukafungua madirisha, tukasifu sakafu. Yeye alisimama akihesabu mabati kwa macho, koti likiloa mabegani. Alisema nyumba ni nzuri sana, kila kitu ni kizuri, ameona. Kisha akaenda kunywa chai hotelini.

Mama Atieno alinivuta kando.

"Hata kwetu iko hivyo, sikulaumu. Lakini huyo mzee ametoa ng'ombe ikakuwa mabati, halafu mvua inamnyeshea mbele ya hiyo mabati. Wewe unaona ni sawa?"

Sikuona ni sawa. Nililia, nikaona haya kulia.

Nilikitaka kile chumba. Nilikuwa nimeshapigilia msumari ukutani wa kutundika shali ya mtoto. Mogaka alisema tuhamie tu, baba ameshazoea mila, hatalalamika. Hapo ndipo nilipokasirika. Ni kweli hatalalamika, na ndiyo maana roho iliniuma.

Jumatatu nilimtuma akamuulize mama yake. Jibu likarudi: kitanda kikitoka kabla hatujalala, na tusipoishi pale, nyumba itakuwa ya wapangaji tu, na mzee ataingia kama anavyoingia dukani. Jumanne kitanda kilirudi kwenye chumba kinachovuja. Msumari niliuacha. Mwalimu mmoja amekichukua chumba cha kwanza, anahamia kesho.

Leo mzee amekuja tena na mkewe. Mogaka alimpa funguo zote, na Mama Atieno aliacha chumba chake wazi. Mimi nilisimama barabarani, pale pale alipokuwa amesimama yeye, katika matope yale yale. Sikumwona akiwa ndani. Nilisikia fimbo tu ikigonga saruji, chumba baada ya chumba, bila haraka. Dirisha la chumba cha nne likafunguka, nikaona mkono umeshika karatasi yangu, imechakaa kwa kukunjwa. Alikuwa akiilinganisha na dirisha.

Niliupenda mkono ule kama wa baba yangu mzazi. Siwezi kumwambia, kwa hiyo naandika hapa.

Alipotoka alifunga kila mlango mwenyewe. Akasimama mbali nami kama ipasavyo, akamgeukia mkewe, lakini kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie huyo mama, mlango wa tatu unakwaruza sakafu. Fundi arudi."

Basi. Hakusifu chochote. Jumapili iliyopita, akiwa mvuani, alisifu kila kitu, kama mgeni.

Kesho asubuhi, kabla sijafungua cherehani, namleta fundi. Mwenye nyumba amesema.