Buibui Yule Hakuwa Maiti

Queensbury, London

Kaka Hamadi,

Assalamu alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kikohozi cha mama kiwe kimepungua. Mie mwili haujambo, na kazi ya kuhudumia wazee bado ninayo. Roho ndiyo haijatulia, tangu uliponipigia simu ukiwa umekaa kitandani kwa baba. Ulisema kiharusi kimemmaliza, hasemi wala hatikisiki, ukaniuliza akifa tumzike wapi. Jibu langu ni barua hii.

Bibi ninayemhudumia ni Mhindi mzaliwa wa Tanga, zamani mwalimu wa biolojia. Juzi, bustanini kwake, nilimwona nyigu akimburuta buibui kinyumenyume. Unajua tulivyolelewa: buibui alimsitiri Mtume pangoni, hadhuriwi. Nikamfukuza nyigu kwa kandambili. Buibui hakutikisika, basi nikachukua ufagio nimzoe.

"Wewe, ngoja kwanza," bibi akasema. "Umemwangalia vizuri?"

Nyigu huyu si wale wa njano wanaofuata vitu vitamu. Ni mweusi, tumboni ana mshipi mwekundu, miguu mirefu, na hukimbia chini huku mbawa zikimtetemeka. Jike humchoma buibui mwiba, humtia shimoni, humtagia yai moja.

"Hamuui," bibi alisema. "Akimuua ataoza, na mtoto anataka chakula kibichi. Amemlegeza tu."

Akanipa kioo cha kukuzia. Wallahi, kaka, ncha ya mguu ilikuwa ikicheza. Mie nilishamhesabu maiti, naye labda aliusikia ufagio wangu ukija.

Tulimweka kikoponi, juu ya pamba yenye unyevu. Hakuinuka, na baadaye akafa kweli. Kwa hiyo sikupi tumaini la uongo, umri wa baba anaujua Mungu. Lakini muda wote ule buibui alikuwa hai.

Wewe ndiye mkubwa wetu na sikuvunjii heshima, ila hasira ninayo, sikufichi. Mambo ya kaburi yazungumzeni uani. Mle chumbani mwambieni karafuu zimezaa vipi, nani kaoa, nani kagombana na nani. Mkitaka kumgeuza, mwambieni kwanza. Hapa mgonjwa simgusi kabla sijamsalimu, hata yule asiyefumbua macho.

Nisalimie mama, wifi yangu mkeo, na shangazi anayemwogesha baba. Baba mwenyewe mwinamie sikioni, umwambie, "Baba, Zuwena anakuamkia." Halafu usiondoke upesi, mpe muda wa kuitikia.

Mdogo wako,
Zuwena