Kuku Wanakula Mayai, Mwizi Naitwa Mimi

Shikamoo mama mshauri. Nakuandikia nikiwa na hasira, nisamehe mwandiko. Mume wangu Bura ni dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, tunakaa Getanuwas, na kuku wangu nilipewa na mama yangu mzazi kule Dongobesh nilipoolewa, walikuwa wakizurura uani na kutaga vizuri tu mpaka Bura aliposema watakwenda kudonoa mbegu za shamba la serikali wamfukuzishe kazi, basi akawajengea banda kama ofisi ya meneja, sakafu ya saruji, wavu pande zote, jua linaingia kila kona, na kila jioni analifagia mwenyewe hata bua moja halibaki, na chakula ni ngano, ngano tupu, nikisema kuku wanataka na majani ananijibu, "Ngano inalisha taifa zima, itashindwa kuku wako?"

Tangu hapo sioni mayai, ila moja moja ninayowahi. Naingia bandani nakuta saruji imelowa ute na kuku wananitazama kama hawanijui. Jirani yangu Efrazia akaniambia nijaze pilipili ndani ya yai, nikajaza, wakala wakamaliza. Hata maganda ninayowatupia nikishapika wanayagombania.

Juzi shemeji yangu Ignasi alikuja na mkewe, Bura akaagiza wakaangiwe mayai, nikasema hakuna, akanijibu mbele yao, "Hakuna, au umeyapeleka Dongobesh kwa mama yako?" Mama yangu, aliyenipa kuku wenyewe! Sasa ameapa kuwachinja wote siku ya kipaimara cha binti yetu, eti hafugi kuku wa kumnufaisha mwizi. Mama, sijaiba hata yai moja. Nifanyeje?

Fransiska, Getanuwas

Marahaba, Fransiska. Barua yako imenikera, na aliyenikera zaidi ni huyo dereva wako. Kombaini anaijua, kuku hawajui, na kuuliza hataki.

Kuku anayetaga anatengeneza ganda kutoka mwilini mwake. Ngano tupu haimpi cha kutengenezea, kwa hiyo ganda linakuwa jepesi, yai linaangukia saruji, linapasuka, wenzake wanaonja. Wakishaonja, basi. Wamefungiwa kutwa hawana la kufanya, na kwenye mwanga ule yai linaonekana toka mbali. Pilipili sahau, kuku haimwashi.

Na wewe usijifanye huna lako. Unawatupia maganda mazima halafu unashangaa wakiyajua mayai? Yakaushe motoni, yatwange yawe unga, changanya na chakula. Mifupa pia ichome uitwange. Wape mchicha, majani ya kabichi, maji yasikauke. Tafuta masanduku ya mbao, jaza mabua ya ngano, ning'iniza gunia mbele ili ndani kuwe giza. Weka jiwe jeupe la mviringo kama yai, walidonoe mpaka wachoke. Okota mayai asubuhi, urudi tena na tena kabla ya mchana. Ngano ya shambani ikishaota na kupanda juu, watoe jioni wachakure, na wewe uwe karibu. Ufagio wa Bura uufiche.

Lakini kabla ya hayo yote, mwamshe Bura asubuhi asiyokwenda kazini. Mkalishe nje ya wavu, uweke yai moja sakafuni, unyamaze. Atamwona mwizi wake, na mdomo wake utakuwa na kiini. Huyo mfungeni uzi mguuni ili mmtambue, maana aliyezoea sana haachi.

Siku ya kipaimara mchinje huyo mmoja, wengine waacheni watage. Alikuita mwizi mbele ya Ignasi na mkewe, basi waalikeni, na mbele ya hao hao aseme kwa mdomo wake nani alikuwa anakula mayai, na amtaje mama yako kwa heshima. Mpaka aseme, sufuria ya kuku isifunuliwe. Wageni wakiuliza kitoweo kiko wapi, waambie wamuulize mwenye banda.