Kabla Hujauza Kibanja

Mabatini, Mwanza
Jumapili

Kaka yangu Deodatus,

Shikamoo. Habari za Kamachumu, na za wifi na watoto? Sisi huku tunapumua. Barua hii atakukabidhi Mihayo, yule wa melini. Kwenye simu nisingeweza, maana Mama analala chumba hiki hiki na masikio yake bado mazima.

Umeniandikia kwamba mnunuzi wa kibanja amepatikana, na ukataka nikueleze mji ulivyo kabla hujaja kujenga hosteli. Basi mji umechangamka, kaka. Wanavyuo wamejaa hadi tunasukumana nao sokoni. Kule Malimbe mwenye kiwanja hapandi tena hata mchicha. Watu wanawasha moto juu ya majabali yapasuke, wapate pa kuweka msingi. Plasta haijakauka, mwanafunzi keshaingiza godoro. Wapangaji hutawakosa, hapo sikupingi.

Mama naye aliupenda mji, ungedhani kaja matembezi. Hospitalini wanafunzi wa udaktari walipomzunguka kitandani, alifungua kitambaa chake akawagawia kahawa ya kutafuna, kama wageni waliopiga hodi kwake. Profesa wao akakunja uso. Akapewa ya kwake, akatafuna.

Kaka, ulimsindikiza ukidhani anaumwa macho. Si macho. Ni ini, na limekwisha. Daktari alinitoa nje akaniambia nimrudishe nyumbani wakati bado anaweza kukaa. Mji mzima wa wasomi, na hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kumlisha uji.

Mwenyewe anajua. Asichojua ni habari ya mnunuzi. Kila asubuhi ananiuliza kama umepalilia kando ya kaburi la Baba hapo kibanjani, pale alipojichagulia kulala, nami namjibu umepalilia. Kahawa imebaki kidogo kwenye kitambaa na haruhusu mtu aiguse. Anasema ni ya watakaochimba.

Tunapanda meli Ijumaa. Kama hujauza, kapalilie. Kama umeshauza, uje bandarini Bukoba umwambie wewe mwenyewe, kwa sababu mimi sitaweza.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi asiwaambie watoto kitu kwanza.

Mimi mdogo wako,
Bernadetta