Mpira wa Pampu Ziwani

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwagilia mistari miwili ya nyanya, mgongo ukakataa. Mwanangu Nyamizi kasema niache ndoo, pampu yake itamaliza yote. Yuko nyumbani kwa mafunzo ya vitendo. Mwaka wa mwisho huu, uhandisi wa kilimo. Ijumaa mwalimu wake anavuka ziwa kuja kumpa maksi hapahapa bustanini kwetu.
Kumbe mpira wa kuvuta maji lazima ulazwe kwenye kina, na wa kuulaza ni yeye. Anaingia mpaka kifuani. Palepale mamba alipochukua ndama wa jirani yetu Mama Kulwa. Nimemwambia naogopa. Kacheka, eti mamba anakimbia kelele za injini. Nani kamwambia?

Jumatano, 6 Agosti
Leo kaingia tena na tena. Nimesimama ukingoni napiga sufuria kwa mwiko. Baba yake kasema nawafukuzia watu samaki.
Mama Kulwa kapita na ndoo yake. "Mama Nyamizi, si ulisema mtoto anasomea uinjinia? Mbona karudi kwenye nyanya zetu?"
Nimemjibu matrekta, mifereji, maghala, vyote vinataka injinia. Hayo kanifundisha Nyamizi. Moyoni sijui. Waliomtangulia chuoni wengine bado wanazunguka na vyeti. Naogopa atakosa kazi. Naogopa zaidi hatafika hata huko kwenye kukosa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nyamizi kaenda mjini kutafuta vifaa. Nimeuvuta mpira mwenyewe, nikauweka kwenye maji ya magotini, karibu na majani. Maji ni maji. Kesho hataingia.

Ijumaa, 8 Agosti
Mungu wangu.
Mwalimu kakaribishwa, kakaa, pampu ikawashwa. Ikanguruma. Maji hakuna. Mpira ulikuwa unanyonya tope na hewa. Ikaja harufu ya kuungua. Nyamizi akazima, akauburuta mpira, akaingia nao mpaka kifuani. Nyuma yake nikaona kitu cheusi kinaelea. Lilikuwa gogo.
Nikasema mbele ya wote. "Mwalimu, mpira nimeusogeza mimi. Naogopa mamba."
Nyamizi kanitazama. "Mama, ungeniambia."
"Nilikuambia. Ulicheka."
Mwalimu kamuuliza Nyamizi: kama mkulima wako anaogopa kuingia majini, hii pampu umemtengenezea nani? Kampa mpaka Jumatatu airekebishe.
Nimemharibia mwanangu.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Fundi katengeneza pampu. Nyamizi kafunga pamoja madumu matupu mawili ya kuelea, mpira kauning'iniza katikati. Anausukuma kwa mti mrefu akiwa nchi kavu. Hasemi nami sana. Ila kanipa kamba ya kuurudisha. Kasema mwenye hofu ndiye atakayeishika vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti
Maji yametoka. Hakuna aliyelowa. Mwalimu kaandika, maksi hajasema. Mama Kulwa kauliza kama madumu yake yatafaa.

Alhamisi, 21 Agosti
Nyamizi kavuka asubuhi kwa kivuko cha Kamanga. Mwalimu kamwelekeza kwenye mradi wa umwagiliaji, huenda wakamchukua akimaliza chuo. Ni mbali, kando ya mto. Mamba wa huko sijui wakoje.
Nimemfungia karanga. Na ile kamba nimemtilia kwenye begi, chini ya nguo, asiione mapema.
Nyanya zimelowa vizuri. Simu iko mapajani. Nimemwambia akifika tu, apige upesi.