Kidude Kifuani mwa Bakari

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamka saa kumi na moja. Nimeswali, nimepika uji, nimechomeka mashine ya mto kwenye umeme. Vidonge vya Bakari nimemwachia kwenye kisahani. Halafu nikapanda basi kwenda kazini. Asubuhi nzima nawaogesha waume za watu kwenye nyumba ya wazee, wangu anabaki nyumbani kujipima mwenyewe.

Kidude chenyewe hakizidi mbegu ya boga. Walikiingiza mwezi wa Machi kupitia mshipa wa paja, wakakiacha kwenye mshipa unaokwenda mapafuni. Hakina waya wala betri. Kila asubuhi Bakari analala chali juu ya mto wa mashine, anabonyeza kitufe, anatulia muda wa kusoma Alhamdu moja. Namba ya presha inakwenda hospitali. Nesi Wambui anaiona kwenye kompyuta, na maji yakianza kujaa kifuani anatupigia simu kabla miguu haijavimba.

Kabla ya kidude Bakari alilazwa mara tatu ndani ya mwaka. Tangu kiwekwe, hajalazwa. Nakiamini kuliko macho yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo nilikuwa nyumbani. Amejipima mbele yangu. Amekohoa, uso ukawa rangi ya majivu, akainuka kabla mashine haijamaliza. Akarudia. Nikamwambia ni mafua.

Nimekwenda sokoni Woolwich, hapa hapa London, nimepata mihogo mizuri. Nimeipika kwa nazi. Amekula vipande viwili.

Jumanne, 14 Oktoba

Wambui amenipigia nikiwa kazini. Kwao ni Nakuru, huniita Mama. Amesema wiki iliyopita namba za Jumatatu mpaka Ijumaa hazikufika. Zilizofika ni za Jumamosi na Jumapili tu, na ziko juu sana.

Siku ambazo mimi nipo.

Nimeomba ruhusa nikarudi. Bakari alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Plagi ya mashine imechomolewa. Nimemuuliza. Hakunidanganya.

"Nikilala chali nazama, Mama Zuhura. Ni kama nimetumbukizwa kisimani."

Tangu lini? Tangu mwisho wa Septemba. Nikishapitiwa na usingizi anahamia kwenye kiti, karibu na alfajiri anarudi kitandani ili nimkute. Miaka kumi na minane nahudumia wagonjwa, na sikujua kuwa mume wangu halali kitandani.

Nilipaswa kumhurumia. Nimemkasirikia. Nimemwambia anataka kuniacha mjane kwa uvivu wa kulala dakika moja. Neno limenitoka. Halirudi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimechukua likizo. Nimemlaza mwenyewe. Nimemshika mabega ili asiinuke. Alinikamata gauni, macho yamemtoka. Mara ya kwanza mashine haikusoma. Nikamlaza tena.

Thelathini na nne, na haitakiwi kuzidi ishirini. Wambui ameongeza vidonge vya kutoa maji mara mbili.

Nimeshinda. Najichukia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Thelathini na tano.

Ijumaa, 17 Oktoba

Thelathini na tano. Anakojoa kutwa, lakini uzito haushuki. Ukibonyeza mguu, alama ya kidole inabaki kama kwenye unga uliokandwa. Hanisemeshi. Anakuja kitandani nikimwita, analala, namshika, tunamaliza. Leo alifumba macho kabla sijamgusa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kliniki. Binti yetu Zuhura amekuja kutoka Walthamstow, ameacha darasa lake. Daktari ni msichana mdogo, mpole. Amesema vidonge vinaziua figo. Wakivizidisha, figo zinakufa. Wakivipunguza, mapafu yanajaa. Kupasuliwa hatahimili. Zuhura amemuuliza kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya ualimu, kama kuna mashine nyingine. Hakuna.

Daktari akamgeukia Bakari, akamuuliza ameelewa nini. Bakari akasema ameelewa yote.

Kwenye lifti nilikuwa natazama namba za ghorofa zinavyoshuka. Sina tumaini hata la kujidanganya.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimempima. Thelathini na sita. Kwa nini nampima, sijui.

Jumatano, 22 Oktoba

Wambui amepiga. Nikachukua kalamu niandike vidonge. Hakusema habari ya vidonge.

"Mama, namba nimeziona. Hazitashuka tena. Umemuuliza mzee anataka nini?"

Nikamwambia mume wangu namjua, miaka thelathini na saba. Hakukata simu. Alikuwa ananisubiri. Mwisho nikamwambia ukweli, sijamuuliza.

Nimejifungia bafuni, nimefungua bomba, nimelia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemuuliza. Alikuwa anamenya chenza, pole pole, vidole vimejaa maji havikunjiki vizuri. Aliweka ganda kwenye sahani kwanza.

"Nataka kukaa. Nikae kitako, nipumue, na usinishike tena mabega."

Nikasema sawa. Akanipa nusu ya chenza. Nikaila, ladha yake sikuisikia.

Nimechomoa plagi mwenyewe. Zuhura nilipompigia alipiga kelele, akasema tunamwua baba. Nikamwambia aje amlaze yeye, kama anaweza. Akakata simu. Baada ya saa moja akapiga tena, akauliza kama baba yake bado anapenda mahamri. Nikasema anapenda.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wamekuja manesi wa wagonjwa wasiopona. Wamempa dawa ya matone ya kutuliza pumzi. Imesaidia. Amelala kwenye kiti saa tatu mfululizo.

Mimi ndiye nisiyetulia. Namtazama shingo, kucha, vifundo vya miguu. Asubuhi mkono unakwenda kwenye simu wenyewe. Zamani kulikuwa na mtu hospitali anayejua. Sasa sijui, na hakuna anayejua, na nimelitaka mwenyewe. Kila akikohoa nafikiri nimemwua. Zuhura siwezi kumwambia. Naandika hapa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Ametusimulia habari za jiko la shule, alikopika miaka ishirini. Mkuu wa jiko alimkataza kutia bizari. Akawa anatia kidogo kidogo kila wiki, mpaka watoto wakazoea, na mkuu naye akawa anarudia sahani. Zuhura amecheka hadi machozi. Kisha yakabaki machozi matupu.

Zuhura alipotoka, Bakari ameniomba radhi kwa kunificha habari ya kiti. Nikamwomba yangu kwa lile neno la uvivu, na kwa mabega. Alisema, "Uliogopa, basi." Nimesamehewa. Haijanisaidia.

Jumapili, 2 Novemba

Hakula. Ameomba maji mara mbili. Nimempa zaidi ya kipimo cha maji alichowekewa na hospitali.

Jumatano, 5 Novemba

Amefariki leo baada ya adhuhuri. Amekaa kitako. Nilikuwa namkata kucha. Mkono wa kushoto nilishaumaliza. Zuhura alikuwa jikoni, nikamwita, akaja na kijiko mkononi.

Inna lillahi.

Ijumaa, 7 Novemba

Kabla ya kumwosha, mzee wa msikitini alinipigia kuuliza kama mwilini mna kitu chochote cha hospitali. Nikamweleza habari ya kidude. Akauliza kama kina umeme. Nikasema hakina. Akauliza, kinataka kutolewa? Nikasema hapana, msimkate, mwacheni hivyo alivyo.

Tumemzika baada ya swala ya Ijumaa. Mvua nyembamba. Watu wengi kuliko nilivyotegemea, hata wapishi wawili wa shule wamekuja, wazee sasa.

Jana nilidhani nimekwisha kulia.

Jumanne, 11 Novemba

Asubuhi amekuja mtu wa hospitali kuchukua mashine. Nimetia sahihi. Zuhura amerudi kazini, nimemlazimisha.

Mchana Wambui amepiga. Alisema jina la Bakari bado limo kwenye orodha yake, na kesho ataliondoa. Hakutaka kuliondoa bila kuniambia. Nikamwambia aliondoe.

Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema nipashe moto chochote kilichopo, yeye anangoja. Nikaweka simu juu ya meza, nikapasha wali wa jana. Niliporudi alikuwa bado yupo. Nilikula vijiko vinne hivi. Nikamwambia nimekula, akasema haya Mama, akaaga.